Supu Iliyoharibika Njiani

Kengele ya shule ikishalia, Fung Pui-lam hakuwa na muda wa kuzurura. Alikatiza katikati ya soko la Tai Po akiruka madimbwi ya wauza samaki, akaingia uchochoro wa nyuma na kusukuma mlango wa mkahawa wa mama yake kwa bega. Begi lilitupwa chini ya kaunta, aproni ikafungwa kiunoni, na kabla hajavuta pumzi mama alikuwa ameshamwonyesha mlango wa nyuma kwa kidevu. Vyombo vya mchana vilikuwa huko, vimepandana mpaka usawa wa kifua.

Lam, kama kila mtu alivyomwita, alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kuosha vyombo ndiyo ilikuwa kazi yake. Nyuma ya jiko kulikuwa na mabeseni matatu. La kwanza lilikuwa na sabuni, la pili maji safi, na la tatu maji ya moto yaliyokuwa yakifuka mvuke juu ya jiko dogo la gesi. Mama alimfundisha tangu siku ya kwanza: sabuni ni ya kuondoa mafuta, maji safi ni ya kuondoa sabuni, na maji ya moto ni ya kuua vijidudu. Bakuli lazima lipite kote.

Mwanzoni Lam alifuata. Kisha akaanza kuona kwamba anasumbuka bure. Kwani hakuna mteja aliyekuwa akila kabla ya kuosha vyombo vyake mwenyewe pale mezani. Mtu akikaa tu, aliletewa birika la chai na karai dogo la kioo; akamimina chai ya moto kwenye bakuli, akasuuza kikombe, akazungusha vijiti, akamwaga yale maji ndani ya karai. Wazee walifanya hivyo, watoto walifanya hivyo, hata Lam mwenyewe alifanya hivyo alipokwenda kula kwa watu.

"Mimi naosha, na wao wanaosha," alimwambia rafiki yake Sze-nga, binti wa muuza tofu wa duka la jirani. "Sasa mimi niunguze vidole vya nini?"

Basi bakuli likawa linachovywa kwenye sabuni, linagusishwa maji ya pili, ambayo jioni yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, halafu linakwenda moja kwa moja kwenye rafu. Beseni la tatu lilibaki likichemka peke yake. Muda uliobaki Lam aliutumia kucheza karata na Sze-nga nyuma ya magunia ya mchele, naye aliona amewashinda akili wakubwa wote wa nyumba ile.

Wiki hiyohiyo ndipo supu ilipoanza kulalamikiwa.

Kila jioni mkahawa ulitoa supu ya siku kwa kila mteja, bila malipo, nayo ilipakuliwa jikoni ikaletwa mezani ikiwa tayari ndani ya bakuli. Aliyeipika alikuwa Mjomba Kwok, mpishi aliyehamia karibuni baada ya yule wa zamani kustaafu. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Aliitwa hivyo kwa heshima. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mdomo usiopumzika.

"Huyu mpishi wako ananitilia nini kwenye supu?" Bibi Yip alimnong'oneza Mama Fung kwenye kaunta. Bibi Yip alikuwa akila hapo kila jioni tangu alipofiwa na mumewe. "Ina uchungu wa ajabu. Na tumbo langu halijatulia tangu juzi."

Mama Fung aliingia jikoni kimyakimya, akachota supu kwa upawa kutoka kwenye sufuria, akaonja. Ilikuwa tamu. Siku iliyofuata mteja mwingine alilalamika. Akaonja tena, ikawa tamu tena. Hapo ndipo shaka ilipomwingia sawasawa.

"Kwenye sufuria ni tamu, ikifika mezani ina uchungu," alimwambia Lam, akitazama huku na huku. "Anatia kitu njiani. Labda ametumwa atuharibie biashara. Wewe uko huko nyuma, mtupie jicho, usimwambie."

Lam alifurahi kupewa kazi ya upelelezi. Alianza kumchungulia Mjomba Kwok kupitia mlango wa nyuma, akimhesabia kila anachotia. Lakini Kwok hakuwa mjinga.

"We mtoto, mbona unanitumbulia macho?" aliuliza siku moja bila kugeuka. "Nimeota pembe?"

"Hapana, Mjomba. Natazama tu."

"Basi tazama vizuri ujifunze. Na mwambie mama yako, mimi nimekwisha kuona kwamba siaminiki humu ndani. Mtu anayeaminika hatazamwi kisogo."

Alhamisi jioni, mkahawa ukiwa umejaa, aliingia mwanamke mgeni mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, begi mgongoni na koti lenye mifuko isiyo na idadi. Meza tupu haikuwepo, kwa hiyo Mama Fung akamkalisha meza moja na Bibi Yip, kama ilivyo kawaida. Mgeni akakaa, lakini begi akalipakata, akalishika kwa mikono miwili na kumtazama Bibi Yip kwa jicho la pembeni.

"Haniibii mtu hapa?" aliuliza.

Aliuliza kwa Kichina cha kaskazini, si kile cha kusini kinachozungumzwa Tai Po. Mama Fung alijua maneno machache tu ya lugha hiyo, akamwita Lam, aliyekuwa akifundishwa shuleni.

"Huyu anatoka Harbin, mbali huko kwenye theluji," Lam alisema baada ya kuzungumza naye. "Anaitwa Mwalimu Sun. Amestaafu, anatembea tu."

"Muulize atakula nini."

Majina ya vyakula yalikuwa yamebandikwa ukutani kwenye karatasi za rangi. Mwalimu Sun hakuyatazama. Aliinuka, akapita meza baada ya meza akiinamia sahani za watu. "Hiki ni nini? Na kile? Kina nini ndani?" Kijana mmoja alizungushia sahani yake mkono. Mwalimu alinusa hewa, akatoa simu, akapiga picha, akanong'ona ndani ya simu akiwa ameifunika kwa kiganja. Kisha akarudi kukaa.

Wakati huo Bibi Yip alikuwa akimimina chai kwenye bakuli lake na kulizungusha. Mwalimu Sun alimkazia macho. Akageuka, akaona meza ya pili wanafanya hivyohivyo, na ya tatu pia.

"Binti," alimwambia Lam taratibu, "mbona watu wote wanaosha vyombo? Vyombo vyenu ni vichafu?"

Uso wa Lam ulipata moto. "Ni safi! Ni desturi tu."

"Anasemaje?" Bibi Yip aliuliza, na Lam alipomweleza, bibi alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie hatuoshi kwa sababu ni vichafu. Tunaosha kwa sababu mama zetu walikuwa wakiosha. Asipoosha ataonekana hana adabu."

Mwalimu Sun alisikiliza tafsiri, akafikiri. "Kama si vichafu, mimi sina haja ya kuosha. Na chai jioni hainipi usingizi." Akalisukuma birika pembeni, akanong'ona tena kwenye simu. Lam, akijifanya anafuta meza, alidaka maneno machache: "...wanaosha kwa chai, kila mtu... ndiyo, nitapiga picha..."

Lam alikimbilia nyuma kwa Sze-nga.

"Mkaguzi huyo," Sze-nga alisema bila kusita. "Wa afya. Huwa wanavaa kama watalii ili msiwajue. Utaona, ataanza kunusanusa."

"Ameshanusa."

"Basi mmekwisha."

Lam alirudi kuchukua oda. Mwalimu Sun aliuliza kama kuna dampling za kuchemsha, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani wanavyokula watu wa kaskazini. Kwok, aliyesikia kupitia dirisha la jikoni, aliguna kama mtu aliyetukanwa. Mwishowe mgeni alichagua samaki wa mvuke na mboga za majani kwa kitunguu saumu.

Mjomba Kwok hakuwa mtu wa kumpikia mteja samaki asiyemwona. Alitumbukiza wavu kwenye tangi, akamtoa chewa anayerukaruka, akamleta mezani ndani ya ndoo. Maji yakamrukia Bibi Yip kwenye miwani.

"Mwambie ndiye huyu," Kwok alisema kwa fahari. "Mzima kuliko mimi."

Mwalimu alichungulia. "Na nitajuaje kwamba nitakayeletewa ni huyuhuyu, si mwingine aliyekufa jana?"

Lam aliogopa kutafsiri, lakini akatafsiri. Mjomba Kwok hakukasirika. Alitoa mkasi mfukoni, akakata pembe ndogo ya mkia wa yule samaki na kuiweka mezani mbele ya mgeni. "Akiletwa, aulinganishe. Usipolingana, asile na asilipe."

Mwalimu Sun alimtazama mpishi kwa mara ya kwanza bila kukunja uso.

Kabla ya samaki, Lam alileta supu. Siku hiyo ilikuwa ya papai na mifupa ya samaki, nyeupe, inanukia vizuri.

"Sikuagiza supu," mgeni alisema.

"Ni ya bure, Mwalimu. Kila mtu anapewa."

"Ya bure? Tangu nitoke nyumbani sijaona cha bure kisicho na gharama mbele." Hata hivyo aliinua bakuli, akalinusa. Akanywa funda moja. Akalishusha, akapitisha kidole kwenye ukingo wake, akakinusa kidole. Halafu akasema kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, "Binti, bakuli hili lina sabuni."

Lam alisimama kama mti. Kamwe hakuwahi kufikiria mabakuli ya supu. Hayo hayaoshwi na mtu mezani. Hutoka jikoni yakiwa yamejaa.

"Anasemaje?" Mama Fung aliuliza kutoka kwenye kaunta, na sauti yake ilifika meza zote.

Watu waligeuka. Lam alimtazama mama, akautazama mlango wa nyuma, akayawazia yale mabeseni matatu. Ulimi wake ulijiamulia wenyewe.

"Anasema... supu ina uchungu."

 Mama Fung aligeuza kichwa polepole kuelekea dirisha la jikoni, na pale dirishani Mjomba Kwok alikuwa amesimama, upawa mkononi, amesikia kila neno.

Mgeni alikula samaki wake, akaulinganisha mkia, akatabasamu, akamaliza mpaka mchuzi. Alipokuwa akivaa begi lake, mlango wa jikoni ulikuwa umeshafungwa na sauti zilikuwa zinapanda nyuma yake. Aligeuka mara mbili kutazama kabla ya kutoka.

"Sasa hata mgeni wa mbali, asiyejua lolote!" Mama Fung alikuwa anafoka. "Naye pia anakusingizia?"

"Onja! Sufuria hii hapa, onja!"

"Nimeshaonja mpaka nimechoka. Nataka kujua unatia nini ukishapakua!"

"Natia jasho langu! Mama, kama umepata mpishi wa bei rahisi sema, usinichafulie jina. Mtu akifukuzwa kwa chakula kibaya, hapati jiko lingine."

"Kesho," Mama Fung alisema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Kesho mtu mmoja tu akilalamika, funga visu vyako uende."

Jioni hiyo, kama kila siku, Mjomba Kwok alimkaangia Lam wali kwa yai kabla hajapanda nyumbani ghorofani. Alimwekea na kipande cha samaki juu.

"Kula, mtoto," alisema. "Wewe huna kosa. Umetafsiri ulichoambiwa."

Lam alitia wali mdomoni ukakataa kushuka. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alitaka kusema, lakini kila alipofungua mdomo aliuona uso wa mama, na akajipoza kwa ahadi nyepesi: kesho ataosha vizuri, supu itakuwa tamu, mambo yataisha, na hakuna atakayejua.

Kesho yake Lam aliosha kweli. Alibadilisha maji, alisugua, alitumbukiza kila bakuli kwenye maji ya moto mpaka vidole vikawa vyekundu. Lakini alipokwenda kupanga rafuni, alikuta mabakuli ya jana yapo pale, na ya juzi, yote meupe na yote yanafanana. Alinusa moja, akanusa la pili. Hakuweza kujua lipi ni lipi. Na wateja walikuwa wameshaanza kuingia.

Mjomba Kwok hakusema mzaha wowote siku hiyo. Kwenye kona ya meza ya kukatia, visu vyake vilikuwa vimeviringishwa kwenye kitambaa na kufungwa kwa kamba, isipokuwa kimoja alichokuwa anatumia.

Mlango ulifunguliwa. Mwalimu Sun aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Bibi Yip.

"Karudi!" Sze-nga alinong'ona, akamchoma Lam kiwiko. "Nilikwambia. Leo anafunga mkahawa."

"Nyamaza, Sze-nga!"

Mwalimu aliagiza samaki kama wa jana, na mboga zilezile. Kisha akaongeza, huku akimtazama Lam machoni, "Supu sitaki. Niletee maji ya moto matupu, lakini ndani ya bakuli la supu."

"Anasemaje?" Mama Fung alikuwa amesogea mwenyewe mpaka mezani. Hata Bibi Yip aliacha kuzungusha vijiti.

Safari hii Lam alitafsiri neno kwa neno.

"Maji matupu kwenye bakuli la supu?" Mama Fung alikunja uso. "Anataka kutujaribu. Haya, mpe. Maji yakiwa sawa, tutajua kwamba tatizo ni supu yenyewe."

Lam aliingia jikoni, akachukua bakuli la juu kwenye rafu, akamimina maji kutoka kwenye birika. Kwenye ukingo wa bakuli pakazuka pete nyembamba ya povu. Vitone vyake vilizunguka, vikashikana, vikabaki hapo.

Alilitazama. Nyuma yake Mjomba Kwok alikuwa akikatakata tangawizi kwa kile kisu kimoja kilichobaki. Kwenye sinia pembeni kulikuwa na bakuli lililotoka kwenye maji ya moto dakika ileile, bado linafuka. Akamimina maji humo. Yalitulia, angavu, hayana hata tone la povu.

Ilikuwa rahisi sana. Akipeleka bakuli safi, mgeni atakunywa na kunyamaza. Mama atasema: maji ni sawa, basi ni supu. Mjomba Kwok atakiosha kile kisu, atakiviringisha pamoja na vingine na kupita mlangoni. Hakuna mtu duniani atakayejua isipokuwa Lam. Alilishika lile bakuli safi, akapiga hatua moja. Alisikia kisu kikigonga ubao taratibu nyuma yake, tangawizi ya samaki wa mwisho, na akahisi kwamba akitoka na bakuli lile peke yake hataweza tena kula wali wa mtu yeyote.

Alirudi, akachukua na la pili. Alitoka na yote mawili, akayaweka mezani mbele ya mama.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Ni mabakuli, Mama. Si supu. Hili nimeliosha leo vizuri, na hili nililiosha vibaya. Sikuwa nayapitisha kwenye maji ya moto. Maji safi yenyewe nilikuwa nagusisha tu. Nilifikiri... kwa kuwa wateja wanaosha wenyewe kwa chai..." Alifuta machozi kwa aproni. "Na jana Mwalimu hakusema supu ina uchungu. Alisema bakuli lina sabuni. Nilidanganya. Mjomba Kwok hajatia kitu chochote."

Mama Fung aliinamia mabakuli yale, akatia kidole kwenye povu, akakionja. Alifumba macho.

"Kumbe nimekunywa sabuni wiki nzima!" Bibi Yip alisema, mkono tumboni. "Ndiyo maana! Na mimi nikamlaani mpishi wa watu!"

Mjomba Kwok alikuwa ametoka jikoni na kusimama baina ya meza, asijue aweke wapi mikono yake. Mwalimu Sun, ambaye hakuwa ameelewa hata neno, aliyatazama machozi ya Lam na yale mabakuli mawili, akaelewa.

"Umewaambia?" aliuliza polepole.

Lam alitikisa kichwa kukubali. "Mwalimu, utaufunga mkahawa wetu?"

"Mimi? Kwa nini?"

"Si wewe ni mkaguzi? Ulikuwa unanusa, unapiga picha, unanong'ona kwenye simu."

Mwalimu Sun alicheka, akatoa simu na kuibonyeza. Ilisikika sauti ya mama mzee, yenye haraka: "Haya, huyo samaki alinukiaje? Tangawizi ilikuwa nyingi? Usinifiche, sema yote!"

"Dada yangu," alisema. "Miguu yake haiwezi tena safari. Tulipanga kuja wote, sasa nasafiri kwa niaba yake, na ole wangu nikisahau harufu ya chakula hata kimoja." Alizima simu. "Jana nilipotoka nilisikia mpishi akifokewa. Mimi sikumlalamikia mpishi. Sikupata usingizi, na wala sikuwa nimekunywa chai. Ndiyo maana nimerudi. Hapana, nimerudi kwa ajili ya samaki pia."

Lam alitafsiri yote, hata lile la kufokewa, ingawa mama yake alikuwa akizidi kuinamisha kichwa.

Mama Fung aliagiza supu isitoke tena mpaka kila bakuli lishushwe rafuni na kuoshwa upya. Aliwaomba radhi wateja, meza kwa meza. Lam alirudi kwenye mabeseni na kuanza upya, rafu nzima, na Sze-nga, ambaye hakuambiwa na mtu, alikunja mikono ya shati akawa anafuta. Hawakucheza karata.

Walipomaliza, mama alikuwa anamngoja Lam mlangoni.

"Nisikilize," alisema. "Sijakasirika kwa sababu ya uvivu. Mimi pia nilikuwa mvivu utotoni. Nimekasirika kwa sababu uliona mtu anabeba kosa lako, ukala na chakula alichokupikia. Na mimi pia nina kosa, nilimshuku mtu kabla ya kutazama nyumbani kwangu." Alimfuta Lam shavu kwa ncha ya aproni. "Wateja wetu wa kila siku wanaosha vyombo tena kwa sababu ndivyo walivyozoea. Mgeni yule hakuosha kwa sababu aliuliza kama ni safi, na wewe ukamwambia ni safi. Alikuamini. Kazi yako ifanye kwa ajili ya mtu kama yule, asiyekagua nyuma yako. Na ukikosea, sema siku ileile. Ungesema jana, hivi visu visingefungwa."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa unajua la kufanya."

Lam alijua: kwao, mkosaji humpa aliyemkosea kikombe cha chai kwa mikono miwili. Alichukua kikombe, akakiosha kwenye beseni la kwanza, la pili na la tatu, akakimiminia chai. Mjomba Kwok alikuwa amelazimishwa na Bibi Yip kukaa kwenye meza ya wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Mama Fung alitangulia, akamimina kikombe chake, akamkabidhi kwa mikono miwili na kusema, "Kwok, nisamehe. Nilikudhania vibaya." Kwok alikipokea, akanywa, kisha ikafika zamu ya Lam. Aliinama, akanyoosha kikombe kwa mikono miwili.

"Mjomba Kwok, nimekukosea. Naomba unywe chai."

Mpishi alikipokea. Alikiinua kwenye taa, akakizungusha, akachungulia ndani kwa jicho moja. Bibi Yip alisukuma lile karai la kioo mbele yake.

"Mwaga hiyo, usuuze kwanza, usijifanye shujaa," alisema. "Mimi tumbo langu linajua."

Mjomba Kwok alilitazama karai, kisha akamtazama Lam, ambaye vidole vyake bado vilikuwa vyekundu kwa maji ya moto. Akalirudisha karai kwa Bibi Yip, akainua kikombe na kunywa chai yote mpaka chini.

"Ni chai," alisema. "Haina sabuni."

Lam alicheka na kulia kwa pamoja. Mjomba Kwok akainuka, akaenda jikoni, akafungua kamba, akatoa visu vyake kimoja kimoja, akauliza kwa sauti ileile ya kila siku ni nani aliyekuwa bado hajapata supu.